Msafara chini ya Kifungu cha 175: uchambuzi wa filamu bubu ya mwaka 1919

Paul Körner, mpiga fidla mwenye jina kubwa, anasoma gazeti. Habari ni fupi na zinafanana: fulani amejiua, sababu haijulikani. Msomaji mwingine angezipita akaendelea na kurasa zake. Körner hawezi kuzipita, kwa sababu anaijua sababu ambayo gazeti halikuiandika. Hapo anajiwa na maono. Anaona msafara mrefu wa wanaume wa zama na nchi mbalimbali, wafalme, wachoraji, washairi, watunzi wa muziki, wakipita mmoja baada ya mwingine chini ya Kifungu cha 175 cha sheria ya jinai ya Ujerumani, kilichokataza mapenzi ya kimwili kati ya wanaume. Majina tunatajiwa: Leonardo da Vinci, Mfalme Friedrich wa Pili wa Prussia, Pyotr Tchaikovsky, Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, Oscar Wilde.

Hiyo ni filamu ya Anders als die Andern, yaani "Tofauti na Wengine", iliyoonyeshwa Berlin kwa mara ya kwanza mwezi Mei 1919. Mara nyingi huhesabiwa kuwa filamu ya kwanza ya hadithi kuwatetea waziwazi wapenzi wa jinsia moja. Nataka kuichambua peke yake, bila kuipanga na nyingine, kwa sababu ndani yake yamo mambo mawili ambayo wengi wetu tunaopenda sinema za zamani tunayafanya hadi leo. La kwanza ni kurudi kwenye historia kutafuta watu waliopenda kama tunavyopenda sisi. La pili ni kuutazama mwili kwenye skrini na kuutafutia dalili. Filamu hii inayafanya yote mawili yenyewe, miaka mia moja kabla yetu, tena mbele ya hadhira iliyolipa kiingilio. Na dai langu ni kwamba hayo mawili ndiyo sehemu dhaifu ya utetezi wake. Nguvu yake iko pale inapoonyesha kile ambacho sheria inaufanyia mwili wa mtu.

Mwanya wa mwaka mmoja na nusu

Kifungu cha 175 kiliingia katika sheria ya jinai ya dola la Ujerumani mwaka 1871. Kiliwahusu wanaume peke yao, na adhabu yake ilikuwa jela. Lakini waliofika jela walikuwa wachache kuliko walioharibikiwa nje ya jela. Pembeni ya sheria lilizuka soko: watu waliojifunza kwamba mwanaume mwenye cheo au jina atatoa pesa leo, kesho na mwezi ujao, ili mradi siri yake isifike polisi. Daktari Magnus Hirschfeld wa Berlin alilijua soko hilo kutokana na watu waliomjia kwa ushauri, wengine wakiwa wameshafikiria sumu au bastola. Mwaka 1897 yeye na wenzake walianzisha Kamati ya Kisayansi na Kiutu, wakakusanya sahihi za watu mashuhuri kuliomba bunge lifute kifungu hicho. Kaulimbiu ya Hirschfeld ilikuwa ya Kilatini, na maana yake ni kuifikia haki kwa njia ya sayansi. Aliiamini kwa moyo wote. Bila kuelewa imani hiyo huwezi kuielewa filamu.

Novemba 1918 Kaisari akaanguka, na serikali ya mapinduzi ikafuta udhibiti wa sanaa. Mwanya huo ulidumu hadi Mei 1920, ilipopitishwa sheria mpya ya filamu. Richard Oswald, mwongozaji mzaliwa wa Vienna ambaye tayari alikuwa ametengeneza filamu ya kuelimisha umma kuhusu kaswende, akautumia. Aliandika hadithi pamoja na Hirschfeld, naye Hirschfeld akaigiza daktari, kwa maana nyingine akajiigiza mwenyewe. Conrad Veidt, akiwa na umri wa miaka 26 na bado hajapata umaarufu ambao filamu ya Das Cabinet des Dr. Caligari ingempa mwaka uliofuata, akachukua nafasi ya Körner. Fritz Schulz akawa Kurt Sivers, kijana anayejifunza fidla. Anita Berber, mcheza dansi ambaye Berlin nzima ilikuja kumzungumzia, akawa Else, dada yake Kurt. Reinhold Schünzel akawa Franz Bollek, na juu ya huyu nitakaa sana.

Mwezi Julai mwaka huohuo Hirschfeld alifungua Taasisi ya Sayansi ya Jinsia, karibu na bustani ya Tiergarten. Filamu na taasisi zilikuwa kazi moja iliyofanywa kwa njia mbili.

Kisa chenyewe

Kurt anampenda Körner tangu alipomsikia akipiga fidla, anamwomba amfundishe, na Körner anakubali. Mapenzi yanakua. Wazazi wa pande zote mbili wanaona jambo wasilolielewa: wa Körner wanashangaa mbona haoi, wa Kurt wanashangaa mbona mtoto wao hatoki kwa mwalimu. Siku moja wawili hao wanatembea bustanini wakiwa wameshikana mikono kiwikoni, wanapishana na Bollek. Bollek anamfahamu Körner. Aliwahi kukutana naye kwenye dansi ya wanaume peke yao, akaenda naye nyumbani, na huko mabembelezo yakageuka madai ya pesa. Tangu hapo Körner amekuwa akilipa. Sasa Bollek anaona kuna kitu kingine cha kuuza, naye anapandisha bei.

Körner anafika mahali anakataa. Bollek anavunja nyumba yake, Kurt anamkuta ndani, wanapigana, na Bollek anamrushia kijana neno baya kuliko ngumi: kwamba naye Kurt analipwa. Kurt anakimbia asijulikane alipo. Tunarudishwa nyuma kwenye maisha ya Körner, tangu shule ya bweni alikofukuzwa kwa sababu ya urafiki na mwanafunzi mwenzake, hadi kwa mganga wa usingizi (anayemlaza mtu kwa maneno, hypnosis) aliyemwahidi kumponya, hadi kwa daktari aliyemwambia hana ugonjwa wowote. Else, aliyetamani kuolewa na Körner, anapelekwa kusikiliza mhadhara wa daktari huyo na anatoka akiwa ameelewa.

Mwishowe Körner anamshtaki Bollek. Mahakama inamfunga Bollek miaka mitatu kwa kudai pesa kwa vitisho. Körner naye anahukumiwa wiki moja chini ya Kifungu cha 175. Wiki moja tu! Hakimu amemhurumia kadiri sheria inavyoruhusu. Lakini mikataba yake ya muziki inafutwa, watu wanamkwepa, baba yake anamwambia iliyobaki ni njia moja tu ya heshima, na Körner anakunywa sumu. Kurt anarudi na kuikuta maiti. Anataka kumfuata. Daktari anamzuia na kumwambia aishi, apiganie kubadilishwa kwa sheria hiyo, ili aliyekufa na wote waliomtangulia wapate haki yao. Filamu iliisha kwa kitabu cha sheria kilichofunguliwa na mkono ukikifuta Kifungu cha 175.

Msafara unamtetea nani?

Turudi kwenye maono. Mwandishi Christopher Isherwood, aliyeiona filamu hii alipokuwa akiishi Berlin, aliukumbuka msafara huo miaka mingi baadaye katika kitabu chake cha mwaka 1976. Kilichomkaa kichwani ni kwamba watu hao walikwenda polepole, vichwa chini, na kila mmoja alijikunyata alipopita chini ya bango lenye kifungu.

Hoja ya msafara ni rahisi kueleweka. Angalieni mnaowahukumu, inasema. Mfalme mliyemjengea sanamu ni mmoja wao. Mtunzi ambaye muziki wake mnaupiga ni mmoja wao. Kwa Wajerumani wa mwaka 1919, walioshindwa vitani miezi michache kabla, kumtaja Friedrich wa Pili, aitwaye Mkuu, kulikuwa kugusa donda bichi, na naamini Hirschfeld alijua anachofanya. Orodha za namna hii alikuwa akiziandika kwa miaka.

Lakini mtazame aliyeingia msafarani na aliyeachwa nje. Körner alikuwa akisoma habari za watu wasiojulikana. Ni watu wa kawaida, na gazeti limewapa mistari miwili. Maono yanapokuja, wale waliofariki wiki hiyo wanatoweka na nafasi yao wanachukua wafalme na wasanii. Wanawake hamna, ingawa hapo kuna sababu ya kisheria, maana kifungu hakikuwagusa wanawake. Wasio Wazungu hamna. Karani wa posta hamna. Baharia hamna. Anayestahili kuhurumiwa ni yule aliyeuachia ulimwengu kitu cha thamani, na Körner mwenyewe ameumbwa kuwa mpiga fidla ili aweze kupangwa foleni hiyo.

Huu ndio ugumu wa kuisoma historia kwa kutafuta majina makubwa. Unaweza kuthibitisha kwamba Oscar Wilde alifungwa miaka miwili na kazi ngumu mwaka 1895, na ni kweli. Lakini ukishajenga kesi yako juu ya ukuu wake, umekubali kimyakimya kwamba asiye mkuu ana kesi dhaifu. Halafu kuna swali la kama majina hayo yanakaa pamoja. Leonardo alishtakiwa Florence mwaka 1476 kwa barua isiyo na jina, na shauri likafutwa. Ludwig aliacha maandishi ya siri yaliyojaa toba na viapo vya kujizuia. Kila mmoja aliishi chini ya sheria nyingine, dini nyingine, na lugha nyingine ya kuieleza nafsi yake. Kuwapitisha wote chini ya kifungu cha mwaka 1871 ni kuwavisha nguo moja wasiyoshonewa.

Hata hivyo siwezi kuutupa msafara huo, na sababu ni zile shingo zilizoinama. Oswald angeweza kuwapitisha wakuu hao wakiwa wameinua vichwa, kama gwaride la mashujaa, na hoja ya Hirschfeld ingebaki ileile, pengine ingekuwa na nguvu zaidi. Badala yake wameinama. Mfalme anainama sawa na mshairi. Anachokionyesha mwongozaji, kwa makusudi au kwa silika ya kazi yake, ni uzito wa kitu kilicho juu yao ambao mwili unauhisi kabla ya akili. Hapo ukuu hauwasaidii lolote. Vibao vya maandishi vinataja majina yao, lakini picha inatuonyesha migongo yao, na migongo hiyo ingeweza kuwa ya yeyote katika zile habari za gazeti.

Anayeusoma mwili

Mhadhara wa daktari ndio moyo wa filamu kwa upande wa Hirschfeld. Anasimama mbele ya hadhira na kueleza nadharia yake ya hatua za kati: kwamba mume kamili na mke kamili ni ncha mbili tu, na kati yake maumbile yameweka watu wa kila namna, kwa umbo, kwa sauti, kwa mwendo, kwa mapenzi. Picha zinaonyeshwa. Mwili unakuwa ushahidi. Ikiwa maumbile ndiyo yaliyofanya hivi, sheria haina haki ya kuadhibu.

Ilikuwa hoja ya ujasiri, na watu wengi walipata uhai kwa kuisikia. Siidharau. Lakini ina upande wa pili ulioonekana mapema. Miaka hiyohiyo Eugen Steinach wa Vienna alikuwa akifundisha kwamba mapenzi ya mtu yanatokana na tezi zake za uzazi, na madaktari wakajaribu kuwapandikizia wanaume waliopenda wanaume korodani za wengine ili "warekebishwe". Hirschfeld mwenyewe kwa muda aliyapokea matokeo ya Steinach kwa matumaini, kwa sababu yalionekana kuthibitisha kwamba jambo hili liko mwilini. Upasuaji ule haukufaulu. Hata hivyo njia ilikuwa imefunguka: ukishakubali kwamba mwili ndio unaojibu mashtaka, atatokea mtu na kisu wa kuubadilisha.

Kuna kisa cha zamani zaidi ambacho kwangu ndicho ufunguo. Oktoba 1907 Hirschfeld aliitwa mahakamani Berlin kama mtaalamu katika kesi ya Jenerali Kuno von Moltke dhidi ya mwandishi wa habari Maximilian Harden, aliyekuwa ameandika kwa mafumbo kwamba marafiki wa Kaisari wanapenda wanaume. Hirschfeld alimtazama Moltke, akasikiliza ushahidi wa aliyekuwa mke wake, kisha akaieleza mahakama kwamba tabia na hisia za jenerali huyo zina upande wa kike, na kwamba kwa maumbile yake anaelekea kwa wanaume. Kesi iliposikilizwa upya miezi michache baadaye, aliiondoa kauli yake. Mtu aliyetaka kufuta Kifungu cha 175 alikuwa ameusoma mwili wa mtu hadharani, bila ridhaa yake, katika jengo lilelile ambamo kifungu hicho kilikuwa na meno.

Wimbi la kesi hizo lilifika hadi pwani yetu. Dar es Salaam, gavana wa koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, Albrecht von Rechenberg, alikuwa amegombana na walowezi juu ya namna ya kuwatumikisha Waafrika. Willy von Roy, mhariri wa gazeti la walowezi, akamtuhumu kwamba ana mahusiano na wanaume, wakiwemo watumishi wake Waafrika. Jambo hilo likaishia mahakamani. Naomba msomaji aliangalie hili kwa makini: ugomvi ulikuwa wa nguvukazi na mashamba, na silaha iliyookotwa ilikuwa mwili wa mtu. Watumishi waliotajwa hawakuwa na gazeti la kujibu.

Sasa mrudie Bollek. Katika hadithi nzima ni nani anayewatambua Körner na Kurt bila kuambiwa? Wazazi hawatambui. Else anahitaji kufundishwa. Waliojaa ukumbini kumsikiliza Körner akipiga fidla hawaoni lolote. Bollek anapishana nao bustanini, anautazama mkono ulivyopita kwenye kiwiko cha mwenzake, na amemaliza. Ndiye msomaji hodari kuliko wote ndani ya filamu. Dalili anazozisoma ndizo zilezile tunazozisoma sisi tulioketi gizani, na anazisoma haraka kuliko sisi. Schünzel anamwigiza kwa ustadi unaokera: mtu nadhifu, mchangamfu, anayejua kuketi kwenye kiti cha mwenye nyumba kabla hajakaribishwa.

Ndiyo maana nina wasiwasi na uchambuzi unaoishia kusema "tazama macho yale, tazama mkono ule, huyu ni wetu". Katika filamu bubu kishawishi ni kikubwa, kwa kuwa mwili ndio pekee unaosema. Lakini filamu hii imemweka ndani yake mtu anayefanya kazi hiyohiyo, na imemwita mhalifu. Msomaji anayeutazama mwili anapaswa kujiuliza anachoutafutia. Bollek anatafuta mtu huyu ni nani, kwa kuwa jibu lina bei. Sisi tunaweza kuuliza swali jingine: mwili huu umefanywa nini hata ukasimama hivi?

Mikono ya Veidt

Ukiuliza hivyo, uigizaji wa Conrad Veidt unafunguka. Alikuwa mrefu, mwembamba, mwenye mikono mirefu na macho makubwa yaliyopakwa rangi nyeusi pembeni kwa mtindo wa wakati ule. Amepewa kuigiza mwanamuziki katika sanaa isiyo na sauti. Hatusikii hata noti moja ya Körner. Mpiga piano wa ukumbini angeweza kupiga chochote. Sifa yote ya Körner, na sababu yote ya Kurt kumpenda, imewekwa mikononi na mabegani mwa Veidt, na tunaiamini.

Mikono hiyohiyo ndiyo inayolipa. Nilipoitazama filamu kwa kufuata mikono tu, niliona jinsi inavyobadilika. Na fidla imekunjuka. Mbele ya Bollek inakuwa mizito na isiyojua pa kukaa. Baada ya hukumu, Veidt anaikusanya karibu na mwili wake, kana kwamba amejifunza kuchukua nafasi ndogo. Wanaomwona Veidt ni mwigizaji wa kutia chumvi wanapaswa kumtazama hapa. Anaonyesha mtu ambaye kwa miaka amejipima kila anaponyoosha mkono: je, nimemshika mno? Kuna anayeniona?

Hiyo haitokani na maumbile. Mtoto tunayemwona shuleni, kabla mwalimu hajafungua mlango, hana hofu hiyo. Anafundishwa. Mwalimu anamfundisha, mganga wa usingizi anamfundisha, Bollek anamfundisha, na mwisho hakimu mwenye huruma anaweka sahihi. Hadithi iliyopangwa na Hirschfeld inaturudisha nyuma ili kuthibitisha kwamba Körner alizaliwa hivi. Uigizaji wa Veidt, katika picha hizohizo, unaonyesha kwamba hofu yake haikuzaliwa naye. Kwangu hili la pili ndilo linaloishtaki sheria. Sheria inaweza kujibu hoja ya maumbile kwa kusema mambo mengi ya maumbile yanakatazwa. Haiwezi kujibu kwa urahisi inapoonyeshwa kwamba imetengeneza mtu anayekunyata na mtu anayemkamua.

Wapo wanaoilaumu filamu kwa kumwua Körner, wakisema ndiyo iliyoanzisha desturi ya kumfanya mpenzi wa jinsia moja afe kabla taa hazijawashwa. Naielewa lawama hiyo, maana tumeona vifo vya namna hiyo hadi tumechoka. Ila katika hadithi hii kifo kinakuja kama sehemu ya hesabu iliyoanza na gazeti. Körner anakuwa mmoja wa wale wa mistari miwili. Kijana anabaki hai, na anabaki na kazi ya kufanya. Ukikata mwisho huo ukabakiza sumu peke yake, basi lawama ni ya haki.

Filamu iliyokatwa

Na ilikatwa. Maonyesho ya mwaka 1919 yalipata umati na pia fujo, nyingi zikiwa za chuki dhidi ya Wayahudi, kwa kuwa Oswald na Hirschfeld walikuwa Wayahudi. Sheria mpya ya filamu ilipopita, bodi ya udhibiti iliwauliza madaktari wa akili, miongoni mwao Albert Moll na Emil Kraepelin, ambao hawakuwa upande wa Hirschfeld. Mwaka 1920 filamu ikapigwa marufuku kwa umma, ikaruhusiwa kwa madaktari na wasomi peke yao. Sayansi iliyoitwa kuleta haki ikatumiwa kufunga mlango. Oktoba mwaka huohuo Hirschfeld alipigwa mtaani München hadi akadhaniwa amekufa, na magazeti yakatangaza kifo chake. Mtu aliyeandika hadithi ya msomaji wa habari za vifo alipona, akasoma habari ya kifo chake mwenyewe.

Mwaka 1927 alijaribu tena. Alichukua sehemu ya filamu ile, akaifupisha na kuiweka ndani ya filamu ndefu ya mafunzo iliyoitwa Gesetze der Liebe, "Sheria za Mapenzi". Sehemu hiyo nayo wadhibiti waliikata. Tarehe 6 Mei 1933 taasisi yake ilivamiwa na kuporwa, na siku nne baadaye vitabu vyake vikachomwa katika uwanja wa Opernplatz. Hirschfeld, aliyekuwa ng'ambo, hakurudi tena Ujerumani. Alifia Nice mwaka 1935, siku ya kutimiza miaka 67.

Tulichobaki nacho kinatokana na ule ufupisho wa mwaka 1927, katika nakala iliyookoka ndani ya Umoja wa Kisovieti ikiwa na vibao vya maandishi ya Kiukreni. Jumba la makumbusho ya filamu la München liliijenga upya kutokana na kipande hicho, na palipopotea likaweka picha mnato na maelezo. Unachokitazama leo hakifiki saa moja.

Hili linagusa moja kwa moja kazi ya anayechambua. Hirschfeld alipofupisha, alibakiza kilichofaa mhadhara. Kwa hiyo tunapoona daktari akizungumza sana, na Paul na Kurt wakiwa pamoja kwa muda mfupi, hatuna haki ya kusema kwamba Oswald aliwaogopa wapenzi wake. Huenda ni mkasi wa 1927. Na kinyume chake ni kweli: hatuna haki ya kuujaza mwanya kwa busu tunalolitamani. Nimesoma maelezo ya mapenzi kuhusu matukio ambayo hakuna aliye hai aliyeyaona, na ingawa naijua kiu iliyoyaandika, hayamsaidii aliyepotezewa. Waliorudisha filamu hii walifanya uamuzi ninaouheshimu sana: waliacha mapengo yaonekane kuwa mapengo. Kibao kinakwambia hapa palikuwa na jambo fulani, kisha unaona picha moja iliyoganda, kisha hadithi inaendelea.

Mkono ule uliokifuta Kifungu cha 175 mwaka 1919 ulikuwa umewahi mno. Wanazi walikikaza mwaka 1935. Ujerumani Magharibi ikakirithi hivyohivyo kilivyokazwa, na kati ya 1949 na 1969 ikawahukumu wanaume wapatao 50,000. Kilifutwa kabisa mwaka 1994. Mwaka 2017 bunge likazibatilisha hukumu za baada ya vita, na waliokuwa bado hai wakaruhusiwa kudai fidia. Wengi wao walikuwa wazee, watu ambao hakuna msafara wowote wa mashuhuri uliowahi kuwataja.